Kejeli za siri za Waingereza: yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi hudhani mwandishi wa kejeli wa zama za Malkia Elizabeth I alificha jina kwa woga tu. Woga ulikuwepo, tena wenye sababu: tangu 1586 mitambo ya kuchapia iliruhusiwa London, Oxford na Cambridge pekee, na vitabu vilipaswa kukaguliwa na wakuu wa Kanisa. Lakini msome huyo aliyejiita Martin Marprelate. Kijitabu chake cha kwanza, cha Oktoba 1588, kiliwasuta maaskofu kwa majina, kisha kikajinadi kuwa kimechapwa ng'ambo ya bahari. Kumbe kilichapwa East Molesey, mkabala na kasri la malkia la Hampton Court, mto Thames tu katikati! Hapo kujificha kulikuwa sehemu ya mzaha.

Dhana nyingine ni kwamba siri hiyo ilikuwa ya mtu mmoja na kalamu yake. Thubutu! Mtambo ulihamishwa nyumba hadi nyumba, Fawsley, Coventry, Wolston, na kila hamisho lilihitaji mwenye nyumba wa kunyamaza na mkokoteni wa kubebea. Agosti 1589, walipokuwa wakishusha mizigo Warrington, herufi za kuchapia zikamwagika mbele ya watu. Mchapaji John Hodgkins akawaambia ni risasi za bunduki. Haukupita muda wakakamatwa karibu na Manchester. Martin mwenyewe hakuwahi kuhukumiwa. Wataalamu wengi leo humtaja Job Throkmorton, aliyekuwa mbunge.

Je, Kanisa lilijibu kwa pingu tu? La. Lilikodi waandishi wamrudishie Martin matusi kwa mtindo wake uleule, na inaaminika Thomas Nashe alikuwa mmoja wao. Malipo yake yakaja miaka kumi baadaye: tarehe 1 Juni 1599 Askofu Mkuu Whitgift na Askofu Bancroft wa London walipiga marufuku uchapaji wa kejeli, na vitabu vya Nashe vikaagizwa vikusanywe vyote. Kitabu cha kejeli cha mshairi Joseph Hall kilitajwa pia, lakini vingine vilipochomwa, hicho kikanusurika moto. Hall huyohuyo akaja kuwa askofu.

Na marufuku hiyo haikuua kejeli. Za mshairi John Donne ziliendelea kunakiliwa kwa mkono na kupitishwa kwa marafiki, zikachapwa 1633, yeye akiwa kaburini tayari. Nyingine zilihamia jukwaani, ambako hakukuwa salama zaidi: 1605 waandishi wa tamthilia Ben Jonson na George Chapman walitiwa ndani kwa mchezo uliowacheka Waskoti, mfalme mwenyewe, James I aliyemrithi Elizabeth, akiwa Mskoti.