Je, wajua wanapimaje ardhi iliyohifadhiwa duniani?

Huwa tunasikia redioni eti dunia imehifadhi asilimia 17 na pointi ya ardhi yake, ila nani kapima na kapimaje? Sisi wa Kigoma tuna mfano mzuri kabisa wa kulielewa hili.

Iko kanzidata moja ya dunia nzima, inatunzwa na kituo cha UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) kilichopo Cambridge, Uingereza, wakishirikiana na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, serikali zinapeleka huko mipaka ya hifadhi zao za taifa, mapori ya akiba, misitu n.k. na kila mwezi inasasishwa. Sasa utadhani kinachobaki ni kujumlisha hekta tu, kumbe hapo ndipo hesabu inaharibika.

Chukua Malagarasi-Muyovozi, ardhioevu yetu, iliingia orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, ya kwanza Tanzania nzima, ina kama hekta milioni 3.25. Ndani ya eneo hilohilo kuna Pori la Akiba Moyowosi, kuna na misitu ya hifadhi, kila kimoja kina hekta zake kwenye makaratasi, ukijumlisha vyote kinamasi kimoja umekihesabu mara mbili au zaidi. Kwa hiyo wataalamu wa kanzidata hiyo wanalaza ramani zote kwenye kompyuta, zinapopandana wanaziunganisha ziwe umbo moja, ndio wanapima. Eneo ambalo limeletwa kwa nukta ya ramani na idadi ya hekta tu bila mipaka, wanalichorea duara la ukubwa huo.

Ripoti yao ya 2024 ikatoa asilimia 17.6 kwa nchi kavu pamoja na maziwa na mito, wakati lengo lililopitishwa na mataifa huko Montreal, Kanada, Desemba 2022 ni asilimia 30 ifikapo 2030. Bado sana.

Ila namba hiyo inapima mipaka tu. Watu wakiingia msituni wakachoma mkaa mpaka miti ikaisha, hekta kwenye hesabu zinabaki vilevile alimradi tangazo la serikali halijafutwa, na msitu wa kijiji kule Tabora ambao wafuga nyuki wanaulinda kwa sababu mizinga yao imo humo, kama mipaka yake haijapelekwa basi haupo kabisa. Hii inaniuma kwa kweli. Tangu 2018 kuna makubaliano ya mataifa kwamba hata eneo lisilo hifadhi rasmi, kama viumbe wanalindwa humo vizuri na kwa muda mrefu, linaweza kuhesabiwa, na mimi naona misitu yetu ya vijiji inastahili kuangaliwa hapo mapema.

Tazama Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968 lakini ni kama kilomita za mraba 50 tu, kadogo mno, sokwe wanahitaji na misitu ya vijiji jirani ili wasibaki wamefungiwa kwenye kisiwa cha miti. Huko vijijini kuna wananchi wanazunguka msituni na simu, wakikuta kisiki kipya, mtego au kiota cha sokwe wanarekodi na mahali kilipo, halafu inalinganishwa na picha za setelaiti, kijiji kinajua msitu wake unarudi au unaisha.