Je, wajua kwa nini marehemu akipiga chafya jukwaani watu huangua kicheko?

Mwezi wa saba Mafinga ni baridi ya kukata mifupa. Nilikwenda kutazama igizo la kikundi cha vijana, kisa cha baba aliyefariki akaacha shamba la miti na ugomvi wa urithi. Mwigizaji wa marehemu alilazwa mkekani, kafunikwa shuka moja jembamba. Mjane analia, mashangazi wanaitikia, ukumbi umetulia tuli. Baada ya dakika kama tano, shuka likaanza kutikisika magotini. Mara marehemu akapiga chafya! Mjane, bila kukatisha kilio, akavua khanga ya begani akamfunika miguu. Hata wazee wa mstari wa mbele walijishika mbavu.

Wiki iliyofuata, Iringa mjini, wakaamua kuiingiza chafya kwenye igizo. Marehemu akaipiga mara tu alipolazwa. Hakucheka mtu.

Kosa la jukwaani huchekesha pale tu mtazamaji anapojua nini kilitakiwa kutokea, na awe ameshakiamini. Mafinga tulilizwa kwanza. Iringa hatukupewa nafasi ya kufiwa. Ndiyo maana mtani akiiga mwendo wa marehemu msibani, wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na mgeni aliyeshuka asubuhi kwenye basi hubaki kaduwaa: mwendo wenyewe hakuwahi kuuona.

Aliyelifanyia kazi jambo hili kwa ustadi mkubwa ni Mwingereza Michael Frayn. Mwaka 1970 alisimama pembeni mwa jukwaa akitazama futuhi yake mwenyewe, akaona kwamba vurumai ya nyuma ya pazia inachekesha kuliko kinachoonekana mbele. Kutokana na hapo aliandika Noises Off, iliyooneshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1982, tamthilia inayowakejeli watu wa maigizo wenyewe, na wivu wao, mapenzi yao na majivuno yao. Ina sehemu tatu, na katika zote kikundi kilekile kinaigiza mwanzo uleule wa igizo lilelile. Kwanza tunaona mazoezi ya mwisho: nani anatokea mlango upi, sahani ya samaki inaachwa wapi. Kisha jukwaa linageuzwa, tunawaona kwa nyuma, wamekosana, wanagombana kwa ishara bila sauti kwa sababu upande wa pili onyesho linaendelea. Mwisho kila kitu kinasambaratika mbele ya watazamaji. Wapo wanaoiona sehemu ya kwanza kuwa ya kupoteza muda. Mimi naona ndiyo inayobeba nyingine zote, maana bila hiyo, sahani ikikosekana, nani atajua imekosekana?

Shakespeare naye alilijua hilo miaka ya 1590. Katika A Midsummer Night's Dream, mafundi wanaigiza mbele ya mtawala, na mfumaji Bottom anakatisha igizo kumweleza mtawala nani ataingia sasa na nini kitafuata.

Kuna na lile la khanga. Mjane angesimama akacheka, kicheko chetu kingekatika palepale. Aliendelea kulia, na mkono wake ukafanya kazi nyingine. Mwigizaji anayeng'ang'ania igizo lisife ndiye anayetuvunja mbavu, na tunampenda papo hapo. Kuigiza kosa namna hiyo kunahitaji mazoezi mengi kuliko kuigiza bila kosa.

Vijana wale waliyafanya. Walipofika Mbeya, chafya ilisubiri hadi shangazi wa tatu amalize kuomboleza, na goti lilitangulia kutikisika, kidogo, kisha zaidi. Nyuma yangu mama mmoja alishindwa kuvumilia hata kabla ya chafya yenyewe. Alisema kwa sauti, "Mfunikeni jamani, atakufa na baridi!"