Punda akigoma njiani, si ukaidi

Siku za gulio huko Magu na Misungwi, punda akisimama na mkokoteni utasikia: "Huyo mkaidi, hasikii bila fimbo." Si kweli. Farasi akiogopa hukimbia. Punda, mwenye asili ya nyika kame za kaskazini-mashariki mwa Afrika, mara nyingi husimama kwanza apime hatari: dimbwi asilojua kina chake, mzigo uliozidi, kidonda chini ya mkanda wa kifua.

Kumchapa hapo kunamfundisha kwamba mahali hapo pana maumivu, na safari ijayo atasimama mapema zaidi. Kumchapa mkishafika nyumbani ndiyo uonevu mtupu, maana yeye huunganisha tendo na kinachofuata papo hapo.

Miili yetu anaisoma pia, kama jamaa yake farasi. Mwaka 1907, mjini Berlin, mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi Hans, aliyesifiwa kujua hesabu, alikuwa akifuata miondoko midogo mno ya muulizaji.

Kwa hiyo shuka, tulia, kagua mkanda. Kisha vuta kamba taratibu. Akipiga hatua moja tu, legeza mara hiyohiyo. Kule kulegeza ndiko kunakomwambia amefanya sawa.