Je, wajua kwa nini mama wa Kampala hufunga leso (kanga) juu ya sketi ya kazini anapompeleka mtoto shule?

Asubuhi, kwenye malango ya shule za msingi na nasari za Kampala, Mukono na Wakiso, utamwona mama akishuka kwenye bodaboda na mtoto wake. Amevaa blauzi iliyopigwa pasi na sketi ya kazini, na juu yake amejifunga leso ya maua makubwa. Anamkabidhi mtoto kwa mwalimu wa zamu, anaifungua leso, anaikung'uta na kuikunja, anaitia mkobani, kisha anaendelea na safari yake. Mgeni anaweza kudhani ni nguo ya jikoni iliyosahaulika mwilini. La. Imefungwa kwa makusudi, na sababu yake kubwa ni pikipiki.

Mtu akikaa kwenye pikipiki kwa kutanua miguu, sketi iliyomfika chini ya goti hupanda hadi katikati ya paja. Uganda hilo si jambo dogo. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi kwa amri. Mwaka 2014 rais aliposaini Sheria ya Kupinga Ponografia, watu mitaani waliiita sheria ya mini, na wahuni wakaitumia kama kisingizio cha kuwavua wanawake nguo hadharani. Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Zaidi ya hayo, waraka wa Wizara ya Utumishi wa Umma wa mwaka 2017 uliwataka wanawake walio kazini serikalini wasivae nguo inayoonyesha magoti, wala blauzi isiyo na mikono. Mama aliye mwalimu, muuguzi au karani hutoka nyumbani akiwa ameshatimiza masharti hayo yote, na bodaboda huyavunja ndani ya dakika moja. Leso huyarudisha.

Kisha kuna salamu. Katika Buganda na Busoga, mama wengi bado hupiga goti wanapomsalimu mwalimu mkuu au mzee wanayemkuta getini. Sketi ya kubana haipigi goti vizuri: ama inapanda, ama mshono wa nyuma unaachia. Leso iliyofungwa vyema humfunika mtu hadi katikati ya muundi hata akiwa chini, na ikigusa vumbi, kilichochafuka ni leso. Mama wa nasari huinama zaidi ya wengine wote, maana kuna kamba za viatu za kufunga, pua ya kupangusa na mtoto anayelia akimng'ang'ania shingoni. Kwa hiyo hata anayekuja kwa miguu ana haja nayo.

Kuhusu namna ya kuifunga, hapa ndipo watu hukosea, na kosa lenyewe linaweza kuvunja mguu. Leso ya kawaida ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110. Ukiifunga bila kuikunja, upindo wa chini hufika kwenye kifundo cha mguu, na huo ndio unaonaswa na spoki za gurudumu la nyuma au mnyororo. Kunja ukingo wa juu sentimita 25 hadi 30 kabla ya kuizungusha, ili chini iishie katikati ya muundi. Fundo lifungwe kwa pembe mbili za juu, mbele kidogo ya nyonga, na liwe fundo kweli. Kuchomeka pembe kiunoni hakutoshi, kwa sababu upepo huifungua mara tu pikipiki inaposhika kasi. Ukishakaa, vuta kitambaa kilichobaki pande zote mbili na ukikalie, kila upande chini ya paja lake. Kabla dereva hajatia gia, shusha mkono uguse pembeni ya kila mguu: kisiwepo kinachoning'inia.

Kitenge cha yadi mbili ni kizuri kuliko leso kwa safari ndefu, kwani ni kizito na upepo haukiinui kirahisi. Chochote utakachochagua, kiwe pamba. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda ekzosi iko upande wa kulia, na huchoma. Pamba ikigusa ekzosi huungua na kuacha alama, lakini nailoni na poliesta huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Soksi ndefu za nailoni zina hatari hiyohiyo. Ndiyo maana abiria mzoefu hushukia kushoto, pikipiki ikiwa imesimama kabisa. Aliyeungua aweke mguu chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi na mafuta ya kupikia visipakwe hata kidogo.

Wapo wanaoona kukaa upande ndiko kwenye adabu zaidi. Miguu yote miwili hukaa kushoto, mbali na ekzosi, hilo ni kweli. Lakini upande huohuo ndiko uliko mnyororo kwenye pikipiki nyingi, na mtu aliyekaa hivyo hana cha kumzuia dereva akifunga breki ghafla. Akiwa amempakata mtoto, mikono yake haina nafasi ya kushika chochote. Ushauri wetu ni mmoja: tanua miguu, na uache leso ifanye kazi ya adabu. Sheria, kwa njia, inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki, na inamtaka avae helmeti. Mama na mtoto pamoja na dereva wameshapita idadi hiyo. Wanaosafiri hivyo kwa kukosa njia nyingine wamweke mtoto katikati yao na dereva, kamwe asikae mbele juu ya tangi. Sweta yake ivaliwe mwilini au iingie begini. Sweta iliyofungwa kiunoni kwa mikono yake hunaswa na gurudumu kuliko hata leso ya mama.

Baba hana shida ya sketi, ila ana ya kwake. Miguu mipana ya suruali huchafuka kwa ndani, na dawa yake ni kuichomeka ndani ya soksi mpaka getini. Koti livaliwe kinyumenyume, vifungo mgongoni, kama wafanyavyo madereva wenyewe: kifua kinakingwa na upepo, na shati jeupe linafika likiwa jeupe. Kaptula na singlendi viachwe nyumbani, kwani askari wa getini wengi hawamruhusu mwanaume aliyevaa hivyo kuvuka.

Hilo la askari linahitaji kuelezwa. Shule nyingi zina bango getini linalotaja mavazi yasiyoruhusiwa, na kwa kawaida utakuta kaptula, nguo za kulalia, nguo zinazoonyesha mwili na ndala. Jambo hili halipo Uganda peke yake. Mwaka 2016 mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Darlington, Uingereza, aliwaandikia wazazi akiwaomba wasije na pajama. Aprili 2019 shule ya James Madison High School ya Houston, Marekani, ilitangaza kuwa mzazi aliyevaa pajama au rola za nywele hataruhusiwa kuingia. Sababu inayotolewa ni ileile kila mahali: mtoto anayelazimishwa kuvaa sare asimwone mzazi wake akiidharau shule. Ni sababu ya haki. Lakini bango linalosema tu "vaa kwa heshima" humwachia askari aamue kwa macho yake, na hapo ndipo mama aliyevaa leso safi hurudishwa huku aliyeshuka garini na suruali ya kubana akipita. Shule ikitaja nguo moja moja, na ikiandika wazi kwamba leso na kitenge vinakubaliwa, ugomvi wa getini hupungua sana. Kwenye shule za Kiislamu, mama ambaye kwa kawaida hajifuniki kichwa hujifunika kwa leso hiyohiyo, au huja na kipande cha pili cha doti.

Rangi nayo ina hesabu yake. Uganda iko kwenye ikweta, kwa hiyo Kampala jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kamili mwaka mzima. Linalochelewa zaidi ni la Februari, karibu saa 1, na ndio mwezi ambao muhula wa kwanza huanza kwa kawaida. Watoto wapya wa nasari huanza kutembea barabarani gizani. Suti nyeusi na koti la bluu iliyokoza havionekani na dereva kwa wakati huo, lakini leso nyeupe au ya njano huonekana. Wanaotembea kando ya barabara kuu wavae kizibao cha kung'aa juu ya nguo, na mtoto naye avae chake.

Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huleta matope mekundu ya marram, udongo wa barabara zisizo na lami. Viatu vya kazini viende mkobani, miguuni iwe gambuti au raba. Koti la mvua liwe la vipande viwili, suruali na koti, kwa maana lile la kujitupia begani hujaa upepo na kupeperukia gurudumuni. Mwavuli haufunguliwi juu ya pikipiki.

Doa la marram ni gumu kwa sababu wekundu wake ni kutu ya chuma iliyo ndani ya udongo. Lisisuguliwe likiwa bichi, litazama kwenye nyuzi. Liache likauke kabisa, likung'ute kwa brashi, kisha fua kwa maji baridi na sabuni. Likibaki, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, acha kama nusu saa, suuza. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, maana ndimu hufifisha rangi nyingine. Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, isitumike: haiondoi kutu, na mara nyingi huligandisha doa lenyewe.

Siku ya kutembelea watoto wa bweni au mahafali ya nasari, mambo hubadilika, maana mama wengi huja na gomesi, gauni refu la heshima lenye mshipi mpana, na baba na kanzu. Gomesi hula takriban mita 6 za kitambaa, na ncha za mshipi wake huning'inia mbele hadi karibu na miguu, kwa hiyo haifai kabisa kwenye bodaboda. Panda teksi, au changieni gari na majirani. Asiyepata gari aikunje gomesi mfukoni pamoja na mshipi wake, asafiri na nguo ya kawaida, aivae akifika. Kuifunga mshipi huhitaji mtu wa pili wa kusawazisha mikunjo kwa nyuma, basi fika na mwenzako.