Jurnalie wa Lubumbashi na siku ya 23

Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alikuja ofisini kwetu na kaye ya shule iliyokunjwa katikati. Ndani yake misalaba midogo ya kalamu ya bluu: msalaba mmoja, siku moja ya kupakua simenti diponi. Miaka miwili hivyo. Patroni alikuwa amemfukuza kwa neno moja, kwamba jurnalie, yaani kibarua wa kutwa, hana kontra (mkataba wa kazi). Kijana hakuja kushtaki. Alitaka kujua kama ni kweli ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, sheria inamlinda mfanyakazi kuliko kwetu, maana alikuwa ameshaamua kuvuka.

Kabla ya kumjibu habari za Zambia nilihesabu misalaba. Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iko wazi katika kifungu cha 40: jurnalie akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na kikomo. Karatasi haikusainiwa? Haidhuru. Kijana yule aliifikia siku ya 23 kabla hajajaza ukurasa wa pili.

Na kontra hiyo ina uzito. Patroni anayemwachisha mtu bila kosa zito anadaiwa preavi, yaani siku za taarifa kabla ya kumwachisha: siku 14 za kazi, na 7 juu yake kwa kila mwaka uliotimia. Miaka miwili ni siku 28. Miaka minne, 42. Asipompa siku hizo, anazilipa. Zambia, kwa Kanuni ya Ajira nambari 3 ya mwaka 2019, kontra iliyozidi miezi mitatu ina preavi ya siku 30, na hazikui hata ukizeekea kazini, labda kontra yenyewe iseme zaidi.

Haina maana kwamba tunawashinda kila mahali. Konje (likizo) ya mwaka kwetu huanzia siku moja ya kazi kwa mwezi. Kwao ni mbili. Kwa saa za wiki tunawashinda: 45 hapa, 48 kule. Wao pia wamekataza kumweka mtu kibarua kwenye kazi ya kudumu. Halafu kuna asilimia 25 ya mshahara wa msingi, anayopewa mfanyakazi mwishoni mwa kontra ndefu yenye tarehe ya kuisha. Hiyo sisi hatuna katika Kanuni yetu, na naiona kasoro. Hatuna pia siku moja kila mwezi ambayo mwanamke wa Zambia anaruhusiwa kubaki nyumbani bila kueleza sababu wala kuleta cheti cha daktari. Wanaume wengine hucheka nikiitaja. Wake zao hawacheki.

Wengi hukosea kudhani sheria inafuata mahali kontra iliposainiwa. Fundi aliyesaini Ndola, Zambia, akaletwa kufanya kazi Lubumbashi analindwa na Kanuni ya Kongo, raia wa nchi yoyote awe: kifungu cha 1 kinatazama kazi inafanyikia wapi.

Shida yetu kubwa ni ushahidi na muda. Kaye peke yake patroni ataipinga, kwa hiyo tafuta wenzako waliopakua pamoja nawe, tunza ujumbe wa malipo kwenye simu. Dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipopaswa kulipwa. Madai mengine mengi ya kontra, miaka mitatu. Na huendi moja kwa moja kwenye tribinali ya kazi. Unaanza kwa enspekta wa kazi, ambaye anaita pande zote mbili kujaribu kupatana.

Kijana alikuwa na wiki sita tu tangu afukuzwe. Barua ya kwenda kwa enspekta tuliiandika siku ileile. Kaye tuliipiga fotokopi, yeye akarudi na ya kwake nyumbani, ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki.