Vuka Barabara Uisome Nyumba

Ukitaka kujua umri wa nyumba ya zamani katikati ya Mwanza, usisimame mlangoni. Vuka barabara, kisha inua macho. Juu ya baraza, kwenye ule ukuta mfupi unaoficha bati, mara nyingi utakuta mwaka umefinyangwa kwa saruji, pengine na jina la aliyejenga. Mimi ni msanifu majengo, na kila nikipita Mtaa wa Rwagasore natembea shingo juu.

Jina la mtaa lisikudanganye. Louis Rwagasore, waziri mkuu wa Burundi, aliuawa Oktoba 1961, kwa hiyo ukuta wowote wenye tarehe ya kabla ya hapo ulianza maisha kwa anwani nyingine.

Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892. Kwa miaka mingi njia ya mizigo ilikuwa Mombasa, halafu Kisumu, ambako reli ilifika 1901, kisha meli za ziwani. Reli yetu kutoka Tabora ilikuja 1928. Pamba ya Usukuma ikaleta fedha, na wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga kwa mtindo tunaoujua: duka mbele, familia ghorofani, ua nyuma wa kupikia na kuanikia.

Lakini mwaka ninaourudia zaidi hauko juu ya ukuta wowote. Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi miaka 10 halikulipiwa fidia. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa maoni yangu, hapo 1971 ndipo nyumba hizi zilipookoka na hapo hapo zilipoanza kuugua: aliyekaa ndani hakuwa na hati ya kubomoa, wala hakuwa na sababu ya kutoa fedha yake kuzibua mfereji wa paa.

Na maji ndiyo adui. Msingi wa Mwanza haunitishi sana, mwamba uko karibu. Tatizo hushuka kutoka juu. Mfereji ukiziba, mvua inaingia ukutani. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa zinapumua. Zikilowa, zinakauka zenyewe. Fundi wa leo akizipiga plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, na masika yakipita rangi inabanduka kama maganda. Mwenye nyumba anaita fundi tena, saruji inaongezwa, ukuta unaoza kwa ndani. Inaniuma, kwa sababu chokaa ingetosha.

Plasta hiyo hiyo ndiyo inayofuta miaka. Nimerudi kwenye nyumba niliyokuwa nimeipima nikakuta juu pamesawazishwa, peupe, hapana hata tarakimu moja. Kama nyumba yenu ina maandishi, basi kabla fundi hajaegemeza ngazi, vuka barabara ukapige picha.