Mbwa wa nyumba yenye watoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukichagua aina sahihi, umemaliza kazi."

Dhana hii ndiyo inayowaponza wazazi wengi. Mtu anaambiwa Labrador ni mpole, analipa fedha nyingi, anamleta nyumbani na kumwachia watoto. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya maelezo ya mbwa zaidi ya 18,000 kutoka kwa wamiliki wao, huku vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000 vikichunguzwa. Ikaonekana kwamba aina inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Si kwamba aina haina maana. German Shepherd alizalishwa Ujerumani kwa kazi ya kuchunga kondoo, kwa hiyo watoto wakikimbizana uani anaweza kuwafuata na kuwabana miguuni. Labrador ametokana na mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada. Ana nguvu nyingi, na asipopata mazoezi kila siku atatafuna viatu vya nyumba nzima. Hayo yajue kabla hujalipa. Ila upole haununuliwi pamoja na cheti cha ukoo.

Kinachojenga tabia zaidi ni wiki za mwanzo. Tangu wiki ya 3 hadi karibu ya 12, mtoto wa mbwa anajifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa. Aliyeshikwashikwa na watu, akazoea kelele za watoto, sufuria na pikipiki, hatashtuka ovyo ukubwani. Kwa hiyo ukienda kununua mtoto wa mbwa, omba kumwona mama yake. Mama akijificha au akitaka kukurukia hata mwenye nyumba akiwapo, ondoka. Akiwa mtulivu, kaa chini kimya karibu na watoto wake, usiite. Yupo atakayekuja mwenyewe, akanusa mkono wako, akakubali kubebwa bila kuhangaika. Huyo ndiye wa kuangalia, na asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8.

Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka 4, ushauri wangu ni tofauti kidogo: mtafuteni mbwa mzima aliyekwisha kuishi na watoto na tabia yake inajulikana. Mbwa mchanga ana meno makali kama sindano na anacheza kwa kuuma.

"Mbwa mdogo ni salama zaidi."

Japanese Spitz anapendwa kwa manyoya yake meupe, na kwa kweli anaweza kuwa rafiki mzuri. Lakini mbwa wa kilo 6 akikaliwa au kuangushwa na mtoto anaumia, na anayeumia hujitetea kwa meno. Udogo wa mwili si kipimo cha uvumilivu.

"Mbwa wa kienyeji hafai kwa watoto."

Hili linaniuma, maana ni dharau tu. Mbwa wa kienyeji ana manyoya mafupi, anastahimili joto letu, na akilelewa ndani ya familia tangu mdogo anawapenda watoto kama mwingine yeyote. Mwenye manyoya mazito kama Husky ndiye anayeteseka Dar es Salaam au Mombasa.

"Afungiwe bandani mchana kutwa, awe mkali kwa wezi."

Mbwa anayewaona watoto kupitia nyavu tu hawajui. Siku mlango ukiachwa wazi, mtoto anayekimbia mbele yake ni kitu kigeni. Mbwa aliyezoeana na familia bado atabweka mgeni akigusa geti, na kwa nyumba nyingi hilo linatosha.

"Mbwa wetu hawezi kumng'ata mtoto wetu."

Watoto wengi wanaong'atwa wanang'atwa na mbwa wanaowafahamu. Mwangalie mbwa anapokumbatiwa shingoni: anageuza uso pembeni, analamba midomo, weupe wa macho unaonekana, mwili unakakamaa. Mtoto anaona amekubaliwa, kumbe mbwa anaomba aachwe. Akinguruma, msimpige. Akizoea kupigwa kwa kunguruma, safari nyingine atauma bila kuonya. Mwondoeni mtoto, mfundisheni asimguse mbwa akila, akilala au akinyonyesha. Na mtoto mdogo asiachwe na mbwa bila mtu mzima, awe wa aina yoyote ile.

"Hatoki nje, chanjo ya nini?"

Geti hufunguliwa, na mbwa wa jirani hupita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa achanjwe akifika miezi 3, kisha arudie kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Mtoto aking'atwa au hata kukwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Msipake pilipili wala majivu, na msisubiri kuona mbwa atafanyaje, kwani dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Dawa ya minyoo nayo isisahauliwe. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye udongo ambao watoto wanauchezea, kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku na mikono ioshwe kabla ya kula.